Spana ya Serikali Jikoni kwa Roselida

Roselida aliolewa kwa Egwang akiwa hajui neno hata moja la Kiteso, na la kwanza alilofundishwa lilikuwa maji. Kwao ni Nambale, kwa Wakhayo, ambako watu huamkiana mulembe. Huku ukweni, katika kijiji kilicho kati ya Alupe na Malaba, kila aliyemwona alimsalimu yoga, naye akabaki kuchekacheka kama mtu aliyekanyagwa mguu kanisani. Asubuhi ya kwanza mke wa jirani aitwaye Teresa, wa rika lake, aliyeolewa nyumba ya juu barabarani, alikuja akampa mtungi, akamteremsha bondeni nyuma ya nyumba, akamwonyesha chemchemi kwa kidole. "Akipi," akasema. Roselida naye akasema akipi. Wanawake waliokuwa wameinama pale wakaangua kicheko, wala si kwa ubaya, na mmoja wao akamsogezea jiwe akae.

Chemchemi hiyo ilikuwa ndani ya shamba la Egwang, lakini usije ukadhani ilikuwa ya Egwang. Huku mtu anamiliki shamba, ng'ombe, migomba, hata kivuli akitaka. Maji yanayojitokea yenyewe ardhini hayana mwenyewe. Ukimzuia mtu kuchota hutashtakiwa popote, ila siku ya msiba wako utatafutiwa wachimba kaburi kijiji cha pili. Kazi ya mwenye shamba ni kuacha njia wazi. Kazi ya mke wake ni kutangulia kufika asubuhi, aondoe majani na vyura, asugue ukuta wa simenti ambao watu wa misheni waliujenga zamani, kisha akae. Hilo la kukaa hakuna aliyemwagiza. Alijiongezea mwenyewe, na ndilo alilolipenda.

Akakaa miaka. Kiteso alikijulia pale, pamoja na matusi yake. Hapo ndipo alipojua nani kajifungua, nani kaachwa, nyanya zimepanda bei upande wa Uganda au zimeshuka, na ni dereva gani wa lori, kati ya wale wanaolala kwenye foleni ya Malaba, aliyemwahidi binti ya nani ndoa ya Kigali. Wanawake wengine hujifunga leso Jumapili jioni wakaenda kutembelea wenzao. Roselida hakuwa na haja hiyo. Aende wapi, na watu wote wanakuja? Mgeni njoo mwenyeji apone, na yeye alikuwa akipona mara mbili kwa siku. Taratibu watu wakaacha kusema wanaenda kwa Egwang, wakawa wanasema twende kwa Mama Quinton.

Egwang alipofariki, mahema yaling'olewa, ndugu wakarudi makwao, na asubuhi iliyofuata mitungi ikagongana bondeni kama kawaida. Hakuna aliyemwambia pole tena. Walichota, wakakaa kidogo zaidi ya walivyozoea, yaani walichelewa makusudi, kisha wakapanda kilima. Quinton, mwanawe wa pekee, alirudi Nairobi kwenye kazi yake ya ulinzi, akawa anapiga simu Jumapili. Roselida hakujiona mpweke hata kidogo. Neno lenyewe alilisikia tu redioni, kwenye vipindi vya wazungu wa mjini na mbwa wao.

Mwenye taabu alikuwa Teresa. Mvua za mwaka mmoja zilimkuta katikati ya kilima na mtungi kichwani, akateleza, paja likavunjika. Mfupa uliunga, lakini mguu haukurudi kuwa mguu. Tangu hapo hakushuka tena bondeni. Ikawa ni kuomba maji kwa majirani, leo huyu, kesho yule, na Teresa si mtu wa kuomba. Roselida alimpandishia mtungi mara kwa mara, akauweka mlangoni na kurudi haraka, maana huku bondeni watu walikuwa wanamngoja.

Kwa hiyo kaunti ilipoitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, kuuliza wananchi kama wanautaka mradi wa maji, Roselida ndiye aliyesimama. Alikuwa amekwisha kuzungumza kijana mmoja wa ofisi ya maji aitwaye Victor, mwenye kishikwambi mkononi na viatu ambavyo havijawahi kuonja tope. Victor alieleza kwamba bomba litatoka kwenye tangi kubwa upande wa Alupe, litavuka bonde, litapanda mpaka kioski kitakachojengwa barabarani. Alisema wanawake wa hapa wanapoteza saa nyingi kila siku kwenye njia ya maji, na serikali inataka kuziokoa saa hizo. Wanaume wakanung'unika. Nani atalipa, nani atatengeneza likiharibika, tumeona miradi mingi ikizinduliwa kwa soda na kuzikwa bila hata maombi.

"Mimi ndio niko na chemchemi," Roselida akasema. "Nyinyi wote mnanijua, sijawahi kataza mtu. Lakini kuna mwenzetu alivunjikia kwa hiyo njia. Mnataka avunjike nani mwingine? Serikali ilete mfereji. Na bomba ikipita kwa shamba yangu, ipite. Sitaki kulipwa kitu."

Alipigiwa makofi ambayo hajapigiwa tena tangu siku ile. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wazee, ingawa nadhani wazee walikuwa wanawasema watu wabaya.

Bomba lilichelewa, kwa kuwa ni la serikali, lakini lilikuja. Pale linapovuka shamba lake wakaweka valvu, koki kubwa ya chuma ndani ya shimo la simenti lenye kifuniko. Serikali ina mkono mrefu, kila mtu anajua. Ila kutoka Busia mjini mpaka kwenye valvu ile mkono huo haukufika, ikabidi waazime wa Roselida. Fundi alimkabidhi spana ndefu ya kufungia. "Mama, bomba ikipasuka, wewe ndio uko karibu. Unafunga, unapigia Victor. Tukimaliza kutengeneza tunakuambia, unafungua." Mshahara wa kazi hiyo haukutajwa. Roselida aliitundika spana jikoni, kando ya mwiko wa ugali, akajiona mtu wa maana.

Wiki za kwanza watu walichota huku na kule. Halafu wakaacha kushuka. Hawakumchukia, ni kilima tu. Nani ashuke bonde na kupanda na maji kichwani, wakati kioskini Brendah, muuza maji, anafungua mfereji, mtungi unajaa kabla hujamaliza salamu, unalipa, unaenda zako? Roselida aliendelea kutangulia asubuhi. Aliondoa majani. Aliondoa vyura. Akakaa juu ya jiwe lake, na waliomjia ni ng'ombe wa jirani na sauti ya breki za malori kule barabara ya Malaba. Njia ikaanza kuota nyasi katikati. Siku alipoziona nyasi zile mara ya kwanza alizing'oa kwa mikono, akarudi jikoni akalia, akasingizia moshi, ingawa hapakuwa na mtu wa kumdanganya.

Wiki zikawa miezi. Kiteso chake kikaanza kukauka mdomoni. Alijikuta anawaambia vyura mulembe, kama msichana wa Nambale ambaye hajaolewa popote.

Victor alirudi na kishikwambi chake, kuuliza wananchi mradi umewasaidiaje. Walikaa barazani kwa Roselida, naye akampikia chai ya maziwa mengi ili achelewe kuondoka.

"Mama, saa hii unatumia dakika ngapi kuchota maji?"

"Chemchemi iko hapo nyuma. Ni kushuka na kupanda."

"Na kabla ya mradi?"

Roselida akafikiri. Kabla ya mradi alikuwa anatumia asubuhi nzima. "Mingi," akasema.

"Kwa hivyo umeokoa wakati." Akabofya. "Na huo wakati umeokoa, unaufanyia nini? Biashara, shamba, kupumzika, kulea watoto?"

"Nakaa."

"Unakaa ukifanya nini?"

"Nakaa tu, Victor."

Kijana akalitafuta jibu hilo kwenye kishikwambi, juu na chini, asilione. Akabofya kupumzika, akashukuru, akaimaliza chai kwa mafunda makubwa kwa sababu alikuwa na nyumba nyingi za kupitia. Simlaumu. Serikali inajua kuhesabu mitungi na dakika, na ni vizuri ihesabu. Teresa alikuwa ana maji mlangoni kwa mara ya kwanza tangu avunjike. Lakini salamu, serikali haina pa kuziandika. Roselida aliosha kikombe cha Victor, akakaa nacho mkononi mpaka kikakauka.

Kisha zikaja mvua za Aprili. Mafuriko yakakata ukingo wa bonde, bomba likaning'inia hewani, likachomoka kwenye maungio. Roselida alisikia mlio usio wa mvua, akatoka na spana, akafunga valvu kwa mikono miwili jinsi alivyofundishwa, akampigia Victor simu. Mpaka hapo kila alichofanya kilikuwa sawa, na ningependa hilo lieleweke.

Asubuhi mitungi ikagongana bondeni. Aliisikia akiwa jikoni. Kwanza mmoja, halafu miwili, halafu sauti ya Winny, mwanamke ambaye hata siri huitoa kwa sauti ya mnada. "Mama Quinton! Tumerudi kwa mama yetu! Serikali imetufukuza!" Roselida aliteremka bila hata kuvaa viatu. Wakamwambia amekonda, wakamwambia amenenepa, wakaikanyaga ile nyasi ya njiani mpaka ikalala. Aliambiwa habari za harusi mbili ambazo hakuwa na habari nazo, na za kuachana kumoja kulikotokana na mojawapo ya harusi hizo. Jioni wakaja tena. Alipolala, alilala kama mtoto aliyeshinda mgongoni kwa mama yake.

Mafundi walifika baada ya siku kadhaa kwa pikipiki, wakashinda bondeni na tope magotini, wakaliunga bomba upya. Wa mwisho kuondoka alipita jikoni. "Mama, tumemaliza. Wacha gundi ikauke leo. Kesho asubuhi ufungue."

"Sawa," Roselida akasema, na alimaanisha.

Kesho asubuhi ikafika. Aliteremka na spana, akaikuta chemchemi imejaa watu, na Winny yuko katikati ya kisa cha shemeji yake na mbuzi aliyeuzwa kwa wanunuzi wawili, mmoja kila upande wa mpaka. Roselida akaiegemeza spana kwenye mgomba ili asikie mwisho. Mwisho ulikuwa mrefu. Walipoondoka jua lilikuwa limepanda, akajiambia gundi ya siku hizi haiaminiki, wacha ikauke vizuri. Jioni akajiambia kesho. Kesho yake akajiambia jioni. Hivyo ndivyo mtu mwema anavyoiba: havunji mlango wa mtu, anaahirisha tu. Spana ikarudi kando ya mwiko, na kila alipoushika mwiko aliangalia pembeni.

Bondeni wakawa wanaitukana serikali, na matusi yakanoga.

"Hii serikali ni bure kabisa," Winny akasema. "Mimi nalipa kodi kwa sukari, kwa kiberiti, hata kwa simu. Na bomba moja hawawezi kushona!"

"Na si ni Mama Quinton aliwatetea kwa mkutano?" mwingine akadakia, akashika kiuno na kuigiza sauti. "Serikali ilete mfereji! Bomba ipite kwa shamba yangu!"

Wote wakamgeukia wakicheka, naye akacheka nao mpaka machozi. Ilimuuma, lakini kutaniwa ni kuwa na watu, na aliyewahi kukaa na vyura hachagui utani. Wakati huo Brendah wa kioski alikuwa amepiga simu ofisini, akajibiwa kwamba bomba lilishatengenezwa na maji yapo. Kijiji kizima kiliguna. Mara moja katika maisha yake serikali ilisema kweli, na hapakuwa na hata mtu mmoja aliyeiamini.

Jioni moja Brendah mwenyewe alishuka. Alikuwa msichana mpole, ameachwa na mume akiwa na mtoto mchanga, na kioski kile ndicho kilichowalisha wote wawili. Alingoja wengine wachote waondoke, kisha akakaa kwenye jiwe na kuanza kulia.

"Wanasema maji iko, kwa hivyo mimi nauza halafu nakula pesa. Wanataka kuweka mtu mwingine. Mama Quinton, wewe ndio uko na bomba hapa kwako. Si utawaambia mfereji umekauka? Wewe watakusikiza."

"Nyamaza, mwanangu," Roselida akasema, akimpapasa mgongo. "Itarudi."

Alimshika mpaka akanyamaza. Aliona aibu, na bado, Mungu anisamehe kwa kulisema, ndani ya aibu hiyohiyo alifurahi kwamba kuna mtu amemlilia begani. Alipanda jikoni ameamua kufungua. Akaitazama spana. Akafikiria asubuhi itakayofuata, jiwe, majani, sauti ya breki kule mbali, akakoroga uji wake akanywa.

Siku ya pili, watu walipokuwa wameshachota na kuondoka, alisikia fimbo ikigonga mawe ya njiani. Akainua macho. Teresa alikuwa anashuka. Alikuwa anashuka kwa upande kama kaa, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine ukishika nyasi, na shingoni amening'iniza kwa kamba kidumu kidogo cha mafuta ya kupikia, kitupu. Mguu mbaya aliutanguliza, akausubiri, akauleta mwingine. Roselida alipanda mbio kumpokea, akakataliwa mkono.

"Wacha. Nikianguka nitaanguka peke yangu."

Alifika. Alikaa kwenye jiwe la Roselida bila kuulizwa, akahema kwa muda mrefu.

"Ungetuma mtu," Roselida akasema. "Ningekuletea maji."

"Sikutaka maji. Hii nimebeba ili watu wasiulize naenda wapi." Teresa akakiweka kidumu chini. "Wale vijana wa bomba walijikinga mvua kwangu siku ile wanarudi. Wakaniambia, mama, kesho uko na maji."

Roselida akaangalia pembeni, kama alivyozoea kufanya jikoni.

"Nikangoja ufungue. Nikasema labda amesahau. Lakini Rose hasahau. Nikasema labda ni mgonjwa. Watu wakasema hapana, huko chini ni kicheko tu. Kwa hivyo nimekuja saa hii, wakati hakuna mtu. Fungua maji."

"Umeambia nani?"

"Ningeambia watu, ningeshuka na huu mguu?"

Kisha Roselida akafurika. "Unajua vile nilikuwa nakaa hapa, Teresa? Asubuhi na jioni, peke yangu. Hata mbwa hakuja. Mnakunywa tu huko juu, hakuna mtu anauliza huyu mama bado anapumua. Niliongea na vyura!"

"Na mimi nilikuwa naongea na nani?"

"Kwako ni barabarani. Watu wanapita."

"Ndiyo," Teresa akasema. "Wanapita."

Akachukua fimbo yake, akachorachora kwenye tope, na aliposema tena hakumtazama mwenzake.

"Tangu nianguke ulikuwa unaniletea mtungi. Eyalama, asante, sikatai. Unaweka kwa mlango. Nasikia mtungi umegonga chini, nasema karibu, naanza kuinuka. Nikifika mlangoni uko kwa kona, unakimbilia watu wako. Kila mara nilisema karibu, Rose. Mfereji ukaja, hata kuweka ukaacha. Mimi ndio niko na mguu mmoja. Wewe uko na miwili."

Roselida akaitazama miguu yake miwili. Ni kweli. Miaka yote dunia ilimjia na mitungi yake, naye hakuwahi kujifunza kuifuata. Siku dunia ilipoacha kuja, alichojua ni kukaa palepale na kuingoja, na alipochoka kuingoja akaifungia maji. Aliona haya kiasi cha kutamani bonde limfunike. Hakulia. Aliona kwamba kulia mbele ya Teresa kungekuwa tena kumwomba mtu ambaye tayari ameshuka kilima kwa ajili yake.

Walipanda pamoja. Mara hii Teresa aliukubali mkono, si kwa sababu alisamehe, kilima kilikuwa kikali. Ilichukua muda, wakiambizana tu weka hapa, hapo kuna utelezi. Mlangoni Teresa akasema asante akaingia, na Roselida akarudi chini peke yake.

Aliichukua spana kando ya mwiko. Kifuniko cha simenti kilikuwa kizito kuliko alivyokumbuka. Valvu ilikaza mwanzoni, ikaguna, kisha ikalegea na kuzunguka. Akasikia maji yakianza kutembea ndani ya bomba, yakakohoa hewa, yakatulia. Alisimama hapo kwa muda. Yalikuwa yanapita chini ya miguu yake yakienda kwa watu wote anaowajua, na hapakuwa na hata tone moja lililosimama kumsalimu.

Akampigia Victor kabla nia haijamgeuka. "Bomba haina shida. Ni mimi nilikataa kufungua. Brendah hajaiba kitu, mumwachie kazi yake." Alikuwa ametayarisha jibu refu, la jiwe, la nyasi za njiani, la vyura, kwa sababu alilijua swali litakalofuata.

"Sawa mama, asante kwa kutujulisha. Nitaandika valvu ilichelewa kufunguliwa. Brendah hana shida." Nyuma yake palikuwa na kelele za ofisi.

"Na spana? Niirudishe?"

"Ah, kaa nayo mama. Huko hatuna mtu mwingine."

Hakuuliza kwa nini. Roselida alibaki na simu mkononi, na jibu lake lote mdomoni.

Asubuhi hakuna mtungi uliogonga. Alishuka, akaondoa majani, akaondoa vyura, akausugua ukuta. Jiwe alilipita. Alichukua mtungi wake mtupu, akauweka kichwani juu ya ngata, akapanda kilima kwenda barabarani, na nyasi alizozikanyaga njiani zilikuwa zimeshaanza kusimama tena.

Kioskini hapakuwa na foleni. Mwanamke mmoja alikuwa anaondoka na mtungi wake, akasema yoga huku akitembea. Brendah akachungulia dirishani.

"Mama Quinton! Wewe ununue maji, na uko na chemchemi?"

Roselida akamweleza yote palepale, kwa sauti ambayo mtu mwingine angeweza kusikia, maji yakiendelea kuingia mtungini. Brendah akaufunga mfereji kabla mtungi haujajaa.

"Nilikulilia," akasema.

"Ndiyo."

"Ukanishika mgongo. Na spana iko kwako jikoni."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Brendah akaufungua mfereji, mtungi ukajaa, akapokea pesa bila kumtazama, akaanza kupanga vifuniko vilivyokuwa vimeshapangwa. Roselida aliona ni haki yake. Akajitwika, akatembea hatua chache mpaka nyumba ya Teresa, akautua mtungi mlangoni, mahali palepale alipozoea kuuweka. Maji yaligonga ndani yake. Kona ya njia ilikuwa karibu, na miguu yake, kwa mazoea, ilikuwa imeshageukia huko. Aliizuia.

"Hodi," akasema.

"Maji ninayo," Teresa akajibu kutoka ndani. "Ingia wewe."

Akainama, akaingia. Ndani kulikuwa na giza baada ya jua la nje, na ni miaka mingi hajaketi humo, kwa hiyo akasimama katikati ya chumba kama bibi harusi mgeni, hajui aelekee wapi, mpaka Teresa alipomwonyesha kiti kwa kidole.